Zima Kwanza, Salimia Baadaye

Ukitoka soko la Kiboriloni ukafuata barabara ya kupanda mlimani, utaisikia karakana ya Faustin kabla hujaiona. Kwanza utasikia nyundo. Hiyo ni ya Faustin mwenyewe. Anatengeneza milango, vitanda na meza, na hupiga msumari kama mtu aliyetukanwa na msumari huo. Kisha utasikia sauti nyingine, nyembamba, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Hiyo ni mashine ya mke wake, Anyesi.

Zamani Anyesi alifuma vitambaa vya makochi. Vitambaa vyake vilikuwa na maua mazuri hata mgeni aliona haya kuegemea kochi. Siku moja Faustin alimwomba amchoree ua kama yale kwenye mlango wa kabati. Anyesi akachora kwa dakika tano. Faustin akachonga kwa patasi siku tatu. Ua likatoka kama kabichi.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na mitumba ilijaa Kiboriloni. Zilikuja nguo, zikaja baiskeli na redio, zikaja hata mashine. Katikati ya rundo la pasi na mafeni, Anyesi akauona msumeno mdogo wa umeme. Ulikuwa mdogo kuliko cherehani. Wembe wake ulikuwa mwembamba kama njiti ya kiberiti, na meno yake madogo kama ya dagaa. Ulisimama wima katikati ya kimeza cha chuma. Ukiuwasha, wembe unapanda na kushuka haraka sana. Msumeno wenyewe hausukumwi. Unasogeza ubao polepole, nao wembe unafuata mstari uliouchora.

Haukuwa na kitabu cha maelezo. Kilipotea hukohuko ulikotoka. Faustin aliuweka juu ya meza, akachomeka waya, Anyesi akaanza kukata. Mwezi haukuisha kabla watu hawajaanza kuja kutazama. Majani, ndege, zabibu, vyote vilitoka kwenye mbao kama vilikuwa vimejificha humo tangu zamani.

Sasa, mtu wa hapa haingii mahali kimyakimya. Anaingia, anakupa mkono, anauliza habari za nyumbani, za watoto, za migomba na za ng'ombe. Kama ni mkubwa wako, unainama kidogo na kumpa mkono wako wa kulia. Kumwitikia mtu mzima huku umempa kisogo ni kumwambia kwamba hana thamani.

Kwa hiyo Anyesi alisalimia kila aliyeingia. Alisalimia mashine ikinguruma. Mkono mmoja kwenye ubao, mkono mmoja kwa mgeni, macho kwa mgeni pia. Usimcheke. Na wewe ungefanya hivyohivyo.

Baba yake Faustin, Mzee Sirili, ana kihamba cha kahawa na migomba huko juu mlimani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Ni mtu wa kutembea wima, kama ameagizwa asiidondoshe kofia. Mwaka huo kanisa la kigango chao lilikuwa limekwisha kuezekwa, lakini mbele ya altare palikuwa patupu. Katika kikao cha wazee, Mzee Basili alipendekeza waagize ubao wa nakshi kutoka Arusha. Mzee Sirili akasimama. Alisema hakuna sababu ya kuvuka mikoa kutafuta kitu kilicholala nyumbani.

"Kwangu kuna mkono wa kazi hiyo," alisema. "Na mti nitatoa mimi."

Mti wenyewe ulikuwa mringaringa uliopandwa na baba yake. Ulikuwa umeshapasuliwa mbao na kukaushwa darini miaka miwili. Zilitoka mbao za kutosha vipande kumi na viwili. Haukubaki hata ubao mmoja wa ziada. Kazi ilitakiwa iwe tayari siku ya Kupalizwa Mama Maria, katikati ya Agosti. Mzee alimletea Anyesi mbao hizo mwenyewe. Kila aliyekutana naye njiani aliambiwa zinakwenda wapi na nani atazikata.

Ilikuwa Juni, mwezi ambao baridi ya mlimani hushuka mpaka sokoni. Anyesi alikuwa amejifunga kitenge mabegani. Vipande viwili vilikuwa vimekwisha, naye alikuwa kwenye cha tatu, akikata tawi la kahawa lenye matunda. Ilikuwa siku ya soko. Mzee Sirili aliingia na mkungu wa ndizi begani, akasimama nyuma yake.

"Hodi hapa!"

Anyesi aligeuka. Mkono wa kulia ukauacha ubao ukaenda kwa mzee.

"Shikamoo, baba."

Ubao ukaruka. Ncha ya kitenge ikaanguka juu ya kimeza. Mkono wa kushoto, uliobaki peke yake, ukateleza mbele. Marahaba ya mzee haikupata nafasi ya kutoka.

Faustin alizichomoa nyaya ukutani. Damu ilikuwa juu ya mringaringa. Jirani yao Primus, muuza vipuri vya baiskeli, alikuja mbio na kibaba cha mafuta ya taa. Mama mmoja akashauri unga wa kahawa. Faustin hakusikiliza mtu. Alikibana kidole cha mke wake kwa kitambaa safi, akauinua mkono wake juu, wakaenda hivyohivyo mpaka zahanati, kama watu wanaopiga kura barabarani.

Muuguzi Hilda alimsifu. Alisema kubana kwa kitambaa safi na kuinua mkono ndiyo msaada wa kwanza. Mafuta ya taa ni ya taa, na kahawa ni ya kunywa. Akaosha jeraha kwa maji safi na sabuni, akamshona Anyesi nyuzi nne, akampa na sindano ya kuzuia pepopunda. Mfupa ulikuwa salama.

Waliporudi, Mzee Sirili alikuwa bado amekaa kwenye benchi la karakana. Mkungu ulikuwa miguuni pake. Alizungumza taratibu, kwa sababu alikuwa ameogopa.

"Mama Joyness, mashine hii basi. Rudi kwenye vitambaa vyako. Faustin atatafuta fundi mwanamume amalizie."

Joyness ni binti yao wa kwanza. Mzee humwita mkwe wake kwa jina hilo akiwa na neno zito la kusema.

Kidole cha Anyesi kiliuma, lakini si kama maneno hayo. Michoro ilikuwa yake, na kumi kati ya vile kumi na viwili sasa vitakatwa na mtu asiyemjua. Alimtazama mume wake. Faustin akatazama randa.

Siku ya pili Faustin alikwenda mtaa wa Pasua kutafuta fundi. Alielekezwa kwa Fundi Hosea. Huyu ni mtu wa Songea aliyefanya kazi miaka ishirini na miwili katika karakana ya mbao ya shamba la miwa, akastaafu na vidole tisa na nusu.

"Nusu yenyewe niliiacha kazini," alimwambia Faustin wakiwa njiani. "Mpaka leo haijapewa likizo."

Walipofika, Hosea aliviangalia vipande viwili vilivyokwisha. Alipitisha kile kidole chake kifupi kwenye majani ya kahawa, jani moja baada ya jingine. Akauliza nani amekata. Akaonyeshwa Anyesi, amekaa pembeni, mkono umefungwa bandeji.

"Basi mimi naomba nirudi Pasua," alisema Hosea. "Mkono huu sina. Nikikata mimi, padre atabariki kabichi."

Faustin alikohoa.

"Lakini baba amesema asiguse tena," akajaribu.

Hosea akasema yeye hagombani na wazee wa watu. Aliomba tu aonyeshwe jinsi ajali ilivyotokea. Nyaya zikiwa zimechomolewa, Anyesi akakaa mahali pake. Faustin akasimama nyuma yake, akabisha hodi kwa sauti ya baba yake. Anyesi akageuka, akatoa mkono, akasema shikamoo.

"Simama hapohapo," alisema Hosea. "Ulikatwa na nini?"

"Na wembe."

"Hapana, mama Joyness. Umekatwa na shikamoo."

Faustin akacheka. Kisha akaona mke wake hacheki, akaacha.

"Kwa hiyo nisimwamkie baba mkwe wangu?" aliuliza Anyesi.

"Mwamkie. Hata kwetu asiyeamkia wakubwa hapewi kitoweo. Lakini mashine haina mkwe. Inajua kitu kimoja tu: kilichofika mbele ya meno yake kinakatwa. Kwa hiyo, mtu akibisha hodi, usigeuke. Malizia kipande kidogo cha mstari ulichokianza. Zima. Ngoja wembe usimame kabisa. Toa mikono mezani. Halafu geuka umsalimie, hata kwa ngoma kama unataka."

Hapo ndipo masomo yalipoanza. Hosea hakuwa mtu wa kuficha alichokilipia kwa kidole.

Alianzia ukutani. Waya wa mashine haukuwa na plagi. Faustin alikuwa amezichomeka nyaya tupu kwenye soketi na kuzibana kwa njiti za kiberiti. Hosea alizichomoa zile njiti, akamkabidhi Faustin, akamwambia aende nazo jikoni ndiko kwao. Akataka plagi ya pini tatu, na waya upite juu ukutani. Waya ukilala sakafuni utamwangusha mtu, au utakatwa na kitu.

Akaisukuma mashine kwa kidole. Ikasogea. Alisema mashine isiyofungwa kwa bolti ni kama mbuzi asiyefungwa kamba: utashinda unaifuata. Faustin akaifunga bolti nne.

Halafu akauliza kiko wapi kijiguu. Katika kila msumeno wa aina hii kuna kijiguu cha chuma kinachoshuka karibu na wembe na kuukandamiza ubao usirukeruke. Faustin alikuwa amekitoa siku ya kwanza kabisa. Kilikutwa ndani ya kopo la misumari.

"Kilikuwa kinaficha mstari," Faustin alijitetea.

"Kinaficha mstari kidogo, kinaokoa kidole kizima. Chagua."

Kijiguu kikarudi mahali pake. Hosea akachukua rangi nyekundu, akachora duara kuzunguka wembe, upana wa vidole vitatu kila upande. Ndani ya duara hilo kidole hakiingii. Mikono inakaa pembeni mwa wembe, kushoto na kulia, haikai mbele yake. Ubao ukiteleza, mikono ipite hewani. Kipande kikiwa kidogo mno kushikika, usikikate kwanza. Kiache kwenye ubao mkubwa mpaka mwisho, au kisukume kwa kijiti.

Alimfundisha Anyesi kuukaza wembe: ukiugusa kwa kucha unatakiwa ulie kama uzi wa zeze. Ukilegea unapinda. Meno yake yatazame chini. Na kila unapobadilisha wembe, chomoa plagi. Kuzima hakutoshi. Kuna nakshi ya ndani, kama tundu katikati ya ua. Hapo unatoboa kwanza tundu dogo kwa keekee. Unachomoa plagi, unapitisha wembe kwenye tundu, unaukaza, unashusha kijiguu. Ndipo unachomeka tena.

"Na usilazimishe ubao," alisema. "Lisha mashine kama unavyomlisha mtoto uji. Ukimjazia mdomo, atakutemea. Wembe ukikatika unaruka."

Kwa hiyo akamletea miwani ya karakana, ya kuziba macho pande zote. Akamwambia afunge kitambaa safi puani na mdomoni, maana unga wa mbao ukiingia kifuani haubishi hodi kutoka. Mezani unga upanguswe kwa brashi, mashine ikiwa imezimwa. Usiupeperushe kwa mdomo wala kuupangusa kwa kidole.

Kitenge kikavuliwa. Anyesi akavaa sweta lenye mikono ya kubana. Bangili ikatoka, pete ikatoka. Ncha za kilemba zikachomekwa ndani. Ilipofika kwenye rozari iliyoning'inia shingoni, Anyesi akasita.

"Iweke mfukoni," alisema Hosea kwa upole. "Mama Maria anasikia hata kutoka mfukoni."

Jambo jingine lilikuwa la mgao wa umeme. Umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara. Anyesi alikuwa na tabia ya kuacha kila kitu kama kilivyo, akaenda kupika chai mpaka urudi. Hosea alisema siku aliyopoteza nusu ya kidole ilikuwa siku ya namna hiyo. Umeme ulikatika, yeye akaingiza mkono kutoa kipande kilichokwama.

"Umeme ukikatika, zima swichi palepale. Umeme ukirudi haupigi hodi."

Mwishowe alichukua chaki akachora mstari sakafuni, hatua tatu kutoka kwenye mashine. Mashine ikilia, hakuna mtu wa kuuvuka, awe mteja, awe mume, awe askofu.

Siku kumi zilipita. Muuguzi Hilda akatoa nyuzi, na baada ya siku chache akasema kidole kimepona, kinaweza kufanya kazi. Hosea akarudi kwa mtihani. Aliweka ubao wa taka kwenye mashine, akamwambia Anyesi akate mstari wowote. Yeye akatoka nje. Kisha akaanza kuingia. Aliingia na hodi ya padre. Aliingia na hodi ya mgambo. Aliingia na hodi ya mama mkwe aliyechoka na safari, akiomba maji. Mara tatu za kwanza mabega ya Anyesi yalishtuka. Mara ya kumi yalitulia. Mara ya ishirini Hosea aliingia akipiga kelele kwamba ng'ombe amezaa mapacha. Anyesi akamaliza mkunjo wake, akazima, akangoja, akatoa mikono, akavua miwani, akageuka.

"Shikamoo, fundi. Hongera kwa mapacha."

Hosea alicheka mpaka akakaa chini. Faustin naye hakusema tena habari za kutafuta fundi. Alikuwa ameupiga randa ule ubao wenye damu, akaulainisha kwa msasa mpaka doa likaisha. Akauweka mbele ya mke wake na kurudi kwenye milango yake.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuna aliyemwambia.

Siku ya soko Mzee Sirili alishuka tena. Alikuja na Mzee Basili, yule aliyetaka ubao wa Arusha, kwa sababu Basili alitaka kuona kazi imefika wapi. Walisimama mlangoni. Mashine ilikuwa inalia. Mzee akashangaa kidogo kumwona mkwe wake amerudi pale pale alipomkataza. Hata hivyo akabisha hodi kwa sauti nzuri, ya kumfurahisha mgeni.

Anyesi hakugeuka. Alikuwa katikati ya jani la mgomba, kwenye mkunjo mrefu.

Mzee akabisha tena. Kisogo cha mkwe wake kikabaki kisogo.

"Mkwe wako ana shughuli nyingi siku hizi," alisema Mzee Basili. "Labda tuandike barua."

Anyesi alifika mwisho wa mkunjo. Akazima. Akangoja wembe usimame. Akatoa mikono, akavua miwani, akageuka akiwa na tabasamu. Mlangoni palikuwa na mkungu wa ndizi tu, umelazwa chini.

Faustin alitoka mbio, lakini wazee walikuwa wamekwisha kupotelea sokoni. Jumapili moja ikapita bila salamu kutoka mlimani, kisha ya pili. Vipande saba vilikuwa tayari. Vilikuwa vizuri kuliko vile viwili vya kwanza, na havikuwa na mwenyewe wa kuvifurahia. Anyesi alijua anaweza kuvimaliza vyote kumi na viwili na vikakataliwa mlangoni mwa kanisa. Mti ulikuwa wa mzee, na neno lililotolewa kikaoni lilikuwa la mzee pia.

Faustin alishauri wamwombe radhi na kumwahidi kwamba haitatokea tena. Anyesi akatikisa kichwa.

"Itatokea tena," alisema. "Itatokea kila atakapokuja."

Jumapili ya tatu, baada ya misa, alipanda mlima. Alipofika mpakani mwa kihamba, alikata jani la isale. Ni mmea wenye majani marefu ya kijani, unaopandwa kuonyesha mpaka kati ya shamba na shamba. Lakini jani lake lina kazi nyingine. Ukimkosea mtu, unalifunga fundo na kumpelekea. Anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe.

Mama mkwe wake, Theodora, alikuwa jikoni anakoroga mtori wa ndizi. Aliliona lile jani, akaacha mwiko, akaenda kumwita mumewe. Mzee Sirili akatoka, akakaa. Anyesi akainama, akampa isale kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimekuja na isale. Siombi msamaha kwa kuizima mashine kwanza. Hilo nitalifanya tena. Naomba msamaha kwa sababu nilijifunza jambo, nikawaambia watu wa sokoni, wewe sikukuambia. Nikakuaibisha mbele ya mgeni wako."

Mzee alilishika lile jani muda mrefu. Kisha akaomba aone kidole. Anyesi akamnyooshea. Mzee akaligusa kovu, akahesabu alama za nyuzi: moja, mbili, tatu, nne.

"Siku ile," alisema, "ilikuwa salamu yangu?"

"Salamu yako ilikuwa nzuri, baba. Mimi ndiye niliyeipokea vibaya."

Anyesi alimweleza kila kitu: kijiguu, duara jekundu, mstari wa chaki, fundi wa Songea na hodi zake ishirini. Kwenye habari ya mapacha, Theodora alicheka jikoni. Mzee hakucheka. Alilichomeka lile jani kwenye dari, juu ya kiti chake, akamwambia Anyesi ale mtori usije ukapoa.

Siku ya soko iliyofuata, Anyesi alikuwa kazini, kipande cha tisa. Chaki ilikuwa imefutika. Kila siku ilifutika kwa miguu ya watu na unga wa mbao, na kila siku Faustin alisahau kuichora upya. Alisikia hatua nyuma yake. Hakugeuka. Alisikia kitu kizito kinawekwa sakafuni, kisha kingine. Akamaliza jani, akazima, akangoja, akatoa mikono, akageuka.

Mzee Sirili alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye mashine, mahali hasa palipokuwa na chaki. Kulia kwake kulikuwa na debe la udongo lenye mche wa isale. Kushoto kwake kulikuwa na jingine. Alikuwa ameyabeba yote mawili kutoka mlimani kwa miguu.

"Chaki inafutika," alisema. "Nimeing'oa hii mpakani kwangu. Tangu enzi za babu yangu, sijaona Mchaga anayeruka isale."

Anyesi akafungua kinywa aseme shikamoo, lakini mzee akainua mkono kumnyamazisha. Mzee Basili alikuwa anaingia, ameshaunyoosha mkono, hodi ipo mdomoni. Mzee Sirili akamshika koti.

"Ngoja hapa, Basili. Tazama kwanza kama mashine imesimama. Mkwe wangu yuko kazini."

"Nataka kumsalimia tu."

"Utamsalimia. Salamu haiozi. Kidole kinaoza."

Kuanzia siku hiyo karakana ilipata bawabu siku za soko. Mzee Sirili alikaa kwenye benchi karibu na debe la kulia, kofia wima, akiwafundisha wageni. Hakuna aliyevuka. Muuza maziwa alingoja. Mwenyekiti wa mtaa alingoja. Wateja wa Faustin waliokuja kuulizia vitanda walijikuta wanasimuliwa habari za kijiguu na plagi ya pini tatu. Aliyewasimulia ni mzee ambaye hajawahi kuwasha mashine maishani mwake. Primus alirudi kwenye duka lake la vipuri akafunga miwani usoni kabla ya kukata vyuma vya baiskeli. Nyaya zake za soketini pia zikapata plagi.

Siku ya Kupalizwa Mama Maria, kanisa lilijaa mpaka nje. Vipande kumi na viwili vilikuwa vimeunganishwa kuwa ubao mmoja mbele ya altare. Matawi ya kahawa yalipanda upande huu, majani ya mgomba yakashuka upande ule. Ukisogea karibu, unaona kitu kingine kinachozunguka ukingo wote kama mpaka wa shamba: majani marefu ya isale, kila moja na fundo lake. Mringaringa uling'aa. Mzee Basili aliupapasa kwa kiganja, akanong'ona kwamba hata Arusha hakuna mkono kama huu.

Padre aliuliza fundi ni nani. Faustin akatazama chini, akitabasamu. Mzee Sirili akasimama.

"Ni mkwe wangu, Anyesi," alisema, na sauti yake ikafika mpaka kwa waliokuwa nje. "Amekata vyote kumi na viwili. Mama Joyness, waonyeshe."

Anyesi alidhani anaambiwa aonyeshe ubao.

"Vidole," alisema mzee.

Anyesi akaiinua mikono yake. Mzee akavihesabu kimoja kimoja mbele ya kigango kizima, akasita kidogo kwenye kile chenye kovu, akafika kumi. Watu wakapiga vigelegele. Mwisho wa kanisa Fundi Hosea aliinua mkono wake naye, akapigiwa vigelegele vya tisa na nusu.

Baada ya misa watu walipanga mstari mrefu kwenda kumpongeza Anyesi. Wa kwanza alikuwa Mzee Sirili. Alisimama hatua tatu kabla ya kumfikia, kama alivyozoea, akangoja.

Siku hiyo hapakuwa na mashine. Anyesi akazimaliza hatua zile tatu yeye mwenyewe, akainama, akampa mzee mikono yote miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Sirili. Kisha akamshukuru kwa Kichaga, kwa neno ambalo kwao hupewa mtu aliyeiheshimisha nyumba: "Aika."